Mukundwa na Risasi Yenye Mkanda

Ijulikane kwa mataifa yote, makabila yote na mbuzi wote wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka kwamba Baraza Tukufu la Hoja limeketi. Ndivyo alivyotangaza Sylvain, kifua mbele, tai ya shule ya bweni shingoni ingawa ilikuwa likizo. Baraza lenyewe lilikuwa vijana wa kanisa juu ya mabenchi ya kuazima, na mbuzi mmoja alikuwa ameshaanza kulamba spika.

Yeyote aliruhusiwa kuandika mada na kuitumbukiza kwenye sufuria ya nsima, ugali wa Malawi. Aliyeichota alipewa wiki moja, kisha aseme faida na hasara, pande zote mbili kwa mdomo mmoja. Mshindi angekwenda Lilongwe kushindania nafasi katika shule ya bweni. Sylvain shule alikuwa nayo. Binamu yake wa kike, Mukundwa, hakuwa nayo, na aliitaka kiasi kwamba mwezi mzima alikuwa akiihutubia mihogo jikoni.

Mukundwa akachota, akasoma: "Faida na hasara za risasi za magnum zenye mkanda, za bunduki za kuwindia."

Mabenchi yakatikisika kwa kicheko. "We Mukundwa," alisema Balagizi, bingwa wa mwaka jana, "panya za kwetu hazihitaji magnum."

Sylvain peke yake hakucheka. Karatasi ile aliiandika yeye, baada ya kutazama video za wawindaji bwenini, na alikuwa ameiombea imwangukie Balagizi.

Mama Mathilde, msimamizi, alikunja uso. "Hapa kila mtu alikimbia risasi. Ukikataa, mtoto wangu, hakuna wa kukulaumu. Utangoja mwaka kesho."

"Sikatai, mama. Sitaisifu. Nitaipima."

Jumatano Mukundwa akamburuta Sylvain hadi mtaa wa Area 25, Lilongwe, kwa Mzee Gondwe, ofisa mstaafu wa wanyamapori ambaye mama yake Mukundwa humshonea suruali. Mzee aliweka ganda tupu la risasi mezani, akaanza kuwafukuza upya, kwa maneno, tembo wote aliowahi kuwafukuza mashambani. Kila alipotaja aina ya bunduki, Sylvain alikuwa ameshaitikia kwa kichwa. Mukundwa alimtazama mara moja, kisha akarudi kuuliza: na hii je? Na hapa je? Aliuliza mpaka chai ikapoa na mzee akaomba kupumzika.

Jumamosi akasimama. Alisema risasi hiyo ina nguvu ya kumwangusha nyati, na ganda lake jembamba mbele huteleza vizuri kuingia bundukini. Alisema pia kwamba inapiga bega la mwenyewe kama punda, ni adimu madukani, na kwa anayejaza baruti upya katika ganda lililokwisha kutumika, ganda huvutika mbele ya mkanda na kupasuka mapema.

"Na huo mkanda njo unatia nguvu?" aliuliza Balagizi, akinusa ushindi.

"Hapana. Ni ukingo wa shaba kwenye kitako cha ganda. Kazi yake ni kulizuia lisizame kupita mahali pake. Kwa ganda lisilo na bega, yaani pale linapojibana kuwa shingo, ni msaada. Kwa lenye bega zuri, ni pambo."

Watu wakapiga makofi. Mama Mathilde akainua mkono. Wakati Sylvain yuko shuleni, baraza lilikuwa limetunga sheria mpya: mwenye mada husimama mwishoni, aseme kama amejibiwa. Mada isiyo na mwenyewe hufutwa, pamoja na maksi zake.

"Mwenye mada asimame."

Hakuna aliyesimama. Sylvain akaona kiatu chake kina jambo la kuchunguzwa.

"Mama," alisema Mukundwa, sauti yake imetulia, "kule Area 25 kuko mtu alikuwa anaitikia mbele ya mzee kumaliza. Mi nilinyamaza, nikafikiri atasimama mwenyewe."

Vichwa vyote vikageuka. Sylvain alisimama, tai imepinda.

"Ni mi," alisema. "Niliandika ili watu wamucheke Balagizi, ikamwangukia dada. Niliona, nikanyamaza wiki yote, sababu niliogopa mutanifukuza barazani."

"Hatukuuliza hayo," alisema Mama Mathilde. "Amejibu, ao hakujibu?"

"Amejibu, mama. Hata mi, mpaka Jumatano, nilijua mkanda njo unatia nguvu."