Jicho Juu ya Paa la Kaltumu

Kaltumu hakumwamini mpangaji wake tangu siku alipomwona akipanda paa na kamera, akavuta waya mpaka chumbani. Sebit, kijana mkimbizi kutoka Yei, ng'ambo ya mpaka, alikuwa mpole kupita kiasi, na upole wa namna hiyo, kwa maoni ya Kaltumu, una lake jambo. Ati anapiga picha vyuma vya angani! Alieleza kwamba satelaiti zilizokufa na vipande vya roketi huzunguka huko juu na vinaweza kugonga satelaiti nzima. Alikuwa ameionyesha kompyuta maelfu ya picha mpaka ikajua yenyewe kupambanua popo na chuma, na kukadiria chuma kitapita tena lini na wapi.

"Mama, mimi iko nafundisha yeye kama mutoto."

Mtoto gani asiyelala?

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kaltumu alikuwa msusi wa tabaga za kufunikia chakula, ung'ongo aliushika kila siku. Kilichomshtua yeye ni waya. Alikuwa na miaka saba wanajeshi walipomchukua baba yake, hapa hapa Koboko, kwa ajili ya redio, wakisema anaongea na waasi. Redio ilikuwa mbovu. Jirani aliyeshindwa kuitengeneza alijua hilo, lakini alisimama mlangoni pake akatazama, akafyata mkia. Baba hakurudi.

Basi Jumatatu, Sebit alipokwenda sokoni, Kaltumu alipanda ngazi. Kamera ilitazama mashariki, upande wa Yumbe, na upande huo huo kulikuwa na kambi ya jeshi. Akaigeuza itazame magharibi, upande wa Kongo, akashuka akijipongeza. Lakini moyo haukutulia. Ijumaa alikwenda kwa Obeti, mwenyekiti wa kijiji, akamweleza yote isipokuwa hilo la kupanda paa.

Jumamosi jioni Obeti alikuja na Muzamili, ofisa wa usalama. Gari lilingoja nje.

"Kama mashine yako iko kweli, onyesha sisi," Muzamili alimwambia Sebit. "Ikidanganya, leo unalala korokoroni Arua, na kibali yako ya ukimbizi tutaangalia huko huko."

Sebit alitazama kompyuta. "Saa moja na dakika kumi na mbili. Kipande ya roketi. Itapita upande ya Yumbe, inawaka, inazima."

Wakasimama uani, nyuso zote Yumbe. Dakika ya kumi na mbili ikafika. Walipita popo wawili. Muzamili alicheka puani, akaikwapua kompyuta na kuitia kwapani.

Kaltumu alifurahi, tusifiche. Alifurahi kidogo tu, kisha akakumbuka mkono wake kule juu ya paa. Kompyuta ilijua jicho lake linatazama Yumbe; nani aliiambia kwamba limegeuzwa? Akageuka taratibu, akatazama Kongo.

Kipande kilikuwepo. Juu ya paa la jirani nuru ilikuwa ikipanda, ikiwaka, ikizima, ikiwaka tena. Wengine wote walikuwa wamekipa mgongo. Angenyamaza tu, kingepita zake, na nyumba yake ingebaki salama. Hapo akajiona amesimama mlangoni kama yule jirani wa baba yake.

"Geukeni!" alipiga kelele. "Angalieni Kongo kule! Kamera mimi niligeuza. Huyu kijana hapana danganya!"

Waligeuka. Muzamili aliitazama ile nuru mpaka ikapotea, akamrudishia Sebit kompyuta yake, kisha akatoa daftari mfukoni na kumkazia Kaltumu macho.

"Sasa wewe, mama. Juu ya paa ulikuwa natafuta nini?"

Kaltumu aliitazama ngazi.

"Mimi nilituma yeye," Sebit alisema upesi. "Apanguse vumbi ya kamera."

Ati kijana kumtuma mama wa makamo juu ya mabati! Lakini Muzamili alilifunga daftari. Ulikuwa uongo wa kwanza Kaltumu kuusikia kinywani mwa Sebit.