Wimbo Usio na Mwimbaji

“Nimesema hapana, na hapana yangu haina mlango wa nyuma,” Zorka alisema. Alikuwa amesimama mbele ya jiko akiopoa visheti vya harusi kwenye mafuta, na kila kimoja alichokiopoa alikitupa kwenye sinia kana kwamba ndicho kilichomkosea.

“Mama, hujanisikiliza hata kidogo.”

“Nimekusikiliza tangu asubuhi, masikio yamechoka kuliko miguu. Nevenka ni binti ya dada yangu. Ulimwambia kwa kinywa chako kwamba utapiga tambura kwenye harusi yake. Ahadi ni deni, Mare.”

“Nilimwambia kabla hawajatuita Hermosa!”

“Kwa hiyo Hermosa wakiita, deni linayeyuka?”

Mare aliegemea friji akakunja mikono. Alikuwa msichana wa miaka kumi na saba, mrefu kama marehemu babu yake, nywele zimekakamaa kwa chumvi ya baharini, na tayari alikuwa amevaa koti la buluu la bendi. Hilo koti ndilo lililomwudhi Zorka kuliko yote. Mtu hawezi kuomba ruhusa ilhali ameshavaa.

Bendi yenyewe iliitwa Kaa Weusi: Mare kwenye gitaa la umeme, Rudy Ochoa kwenye dramu, na Duane, jirani wa nyumba ya pili, kwenye gitaa la besi. Asubuhi ile simu ilikuwa imelia kutoka ukumbi wa dansi wa Hermosa. Bendi iliyopangwa kupiga Jumamosi hiyo gari limeifia njiani. Je, Kaa Weusi wanaweza kufika saa kumi na moja? Saa kumi na moja hiyohiyo, hapa San Pedro, California, bibi harusi angeingia ukumbini mwa Wadalmatia, wahamiaji kutoka pwani ya Kroatia, na wazee wa tambura, ala ya nyuzi ya kwao, wangeanza kupiga. Na mwenye ukumbi wa Hermosa hakuwa mtu wa kubembelezwa. Alisema msipokuja leo, msinipigie tena.

“Pale huja kila kijana mwenye ubao wa kutelezea mawimbi, Mama, toka Malibu mpaka Huntington. Tukipiga pale mara moja, tumejulikana.”

“Mjulikane kwa lipi? Hamna hata mwimbaji.”

“Hatutaki mwimbaji. Nimekuambia tangu Krismasi.”

“Hamtaki, au amewakimbia?”

“Mama!”

“Nauliza tu. Wimbo bila maneno ni sawa na mtu kukupigia simu halafu akakaa kimya. Mchukueni Ante, mtoto wa mwoka mikate. Anaimba kanisani kila Jumapili, sauti yake laini kama siagi.”

“Hatumtaki Ante na siagi yake!”

Nje honi ya lori ililia. Punde Rudy akachungulia mlangoni, miguu mitupu, tai nyekundu imening'inia juu ya fulana. Wazee wa mji wa Hermosa walikuwa wameweka sheria kwamba mwanamume asiye na tai haingii dansini. Kuhusu viatu hawakusema neno, basi vijana wakawa wanavaa tai na kuacha viatu nyumbani.

“Shikamoo, Mama Mare. Visheti hivyo vinanukia hadi barabarani.”

“Marahaba. Usiguse. Wewe Rudy, mama yako anajua umetoka hivyo?”

“Tai ni yake yeye, alininunulia.”

“Basi angekununulia na soksi.”

Rudy alicheka, lakini alipomtazama Mare usoni kicheko kikamkauka. “Vipi? Hatuendi?”

Mare alimgeukia mama yake, na safari hii hakupaza sauti. “Mama, tumefanya mazoezi kwenye gereji yako mwaka mzima. Tukianza tu, unafunga dirisha au unakwenda sokoni. Siku nyingine unagonga ukuta kwa ufagio. Hujawahi kusikiliza wimbo mmoja mpaka mwisho. Sikiliza mmoja. Ukisema bado nibaki, nitabaki, nitavaa gauni na kupiga tambura, na hutanisikia nikinuna.”

Zorka alizima jiko. Alikuwa msimamizi wa jiko la shule ya sekondari, mwenye diploma yake ya upishi ukutani, na siku zote alipenda mashauri yanayokwisha haraka. Wimbo mmoja ungechukua muda gani? Visheti vyenyewe vilihitaji kupoa.

“Mmoja,” alisema. “Na gauni lako liko kitandani, nimeshalipiga pasi.”

Akabeba sinia kuvuka ua mpaka gereji, kwa sababu paka wa Duane hakuwa wa kuaminiwa na visheti. Duane alikuwa tayari amekaa juu ya tairi kuukuu, besi mapajani. Vyombo vilikuwa vimewashwa, taa nyekundu zinamwangalia Zorka. Alitafuta pa kuweka sinia. Kando ya kipaza sauti cha gitaa aliona kisanduku kama cha kuwekea mkate, juu tambarare, akalitua sinia hapo, pu!

Gereji ikapasuka. Ilikuwa kama radi imeshuka ndani ya pipa la bati, ikavingirika, ikagonga kuta na kurudi. Zorka aliruka nyuma akakanyaga dramu. Visheti viwili vikaanguka.

“Yesu na Maria! Nimeua nini?”

Wote watatu walikuwa wanacheka mpaka Duane akashika tumbo. “Hicho ndicho kisanduku cha mwangwi, Mama Mare,” alisema. “Ndani mna springi. Sauti ya gitaa inapita humo kwanza, ndipo inatoka ikiwa kama imelowa. Ukikigonga kinalia hivyo.”

“Kimeharibika?”

“Hapana. Siku nyingine tunakipiga teke makusudi.”

Zorka alikitazama kwa dharau. Kisha akainua ncha ya kiatu chake cha kanisani akakigusa pembeni, kidogo tu. Radi ikavingirika tena. Midomo yake ikataka kucheka, akaizuia.

“Haya, pigeni. Harusi haingoji.”

Mare alivaa mkanda wa gitaa. Rudy akagonga vijiti, moja, mbili, tatu, nne, na wakaanza.

Mwanzoni Zorka alifanya kile ambacho angefanya mtu yeyote aliyelelewa kwenye kwaya: alisubiri. Besi ilitembea, dramu zikakimbia mbele yake, gitaa likaruka juu likisema jambo fupi na kulirudia, na Zorka akajiambia, sawa, huu ndio utangulizi, sasa mtu ataimba. Akawatazama mmoja mmoja aone nani anafungua kinywa. Rudy alikuwa amefungua, lakini ni ulimi tu aliouma pembeni kama mtoto anayechora. Gitaa likarudia neno lake, sasa kutoka chini, zito, na hapo Zorka akaacha kusubiri bila kujua kwamba ameacha.

Kwa sababu kitu kilikuwa kinakuja. Mkono wa kulia wa Mare ulikuwa ukitetemeka juu ya nyuzi kwa kasi ambayo jicho halikuweza kuifuata, juu chini, juu chini, na sauti ikawa inapanda bila pumzi, inavimba, imelowa kweli kama alivyosema Duane. Zorka aliisikia kifuani kabla ya masikioni. Makopo ya rangi yakatikisika kwenye rafu. Ikapanda, ikapanda, na alipodhani haiwezi kwenda zaidi ikasimama hewani, dramu zikanyamaza, besi ikanyamaza, gitaa peke yake likining'inia, halafu Mare akakipiga kisanduku teke na yote ikamwagika pamoja, radi na dramu na nyuzi, na Zorka akajikuta anacheka kwa sauti, mkono umeshika kifua, kama mtu aliyemwagiwa maji siku ya joto.

Walipomaliza, mwangwi uliendelea kidogo peke yake, kisha nao ukakoma.

“Basi,” Mare alisema, akihema. “Ndiyo huo.”

“Unaitwaje?”

“Bado hauna jina. Niliupiga mara ya kwanza siku ile niliyorudi nimechubuka goti, unakumbuka? Lile wimbi lilinibeba mbali kuliko mawimbi yote. Pale inapopanda, ni mimi nachapa maji kwa mikono ili nilipate. Pale panaponyamaza, nimesimama juu ya ubao. Halafu likanifunika.”

“Goti lilichubuliwa na wimbi? Uliniambia ulianguka na baiskeli.”

Rudy akajikohoza. Duane akainama kurekebisha besi ambayo haikuwa na kosa.

“Tutayazungumza hayo siku nyingine,” Zorka alisema. Katika maisha yake yote hakuwa ameingia bahari ile kupita magotini. Lakini sasa hivi alikuwa ametoka humo. Kama mtu angemweleza hayo kwa maneno, asingemwelewa. Angemwambia tu avae viatu. “Ule mtetemeko wa mkono, nani amekufundisha?”

Mare alimshangaa. “Babu. Kwenye tambura. Ni uleule, Mama. Nyuzi hizi ni nene tu.”

Zorka alijua ni uleule. Alikuwa amejua tangu katikati ya wimbo, maana mkono wake mwenyewe ulikuwa ukitetemeka juu ya aproni. Baba yake Jure alimfundisha yeye kabla ya kumfundisha mjukuu, na kulikuwa na miaka ambapo watu wa San Pedro walisema hakuna mkono wa kulia kama wa Zorka wa Jure. Alikaa na wazee wa tambura mpaka wiki aliyoolewa. Msichana alikaribishwa kupiga, lakini mke wa mtu mahali pake ukumbini ni jikoni, kukata nyama na kumimina divai. Hakuna aliyemwambia aache. Ilikuwa hivyo tu, kama maziwa yanavyogeuka jibini.

“Nipe tambura yako,” alisema.

“Mama?”

“Si iko hapo kwenye kasha nyuma yako? Nipe. Na nyinyi rudieni ule wimbo. Polepole kwanza, vidole vyangu vimezoea miiko.”

Tambura ilikuwa ndogo, tumbo la mviringo na shingo nyembamba, nayo ikakaa kifuani pake kama mtoto anayejua mwenyewe. Walipoanza, Zorka alikosea, akatukana kwa lugha ya mama yake, akakosea tena. Kisha mkono ukakumbuka. Gitaa lilipopanda alipanda nalo, sauti yake kali na kavu juu ya ile iliyolowa, na Mare akamgeukia, macho yamemtoka. Rudy akapaza sauti juu ya dramu zake: “Haya, Mama Mare, haya!” Zamu hii aliyekipiga kisanduku teke alikuwa Zorka, na alikipiga barabara.

Wakamaliza wakitweta. Visheti vilikuwa vimetapakaa sakafuni na hakuna aliyejali isipokuwa paka wa Duane.

“Unaona?” Mare alisema. Mara akakumbuka kilichowaleta pale, mabega yakashuka. Akaanza kuuvua mkanda wa gitaa. “Sasa sema, Mama. Mimi nitatimiza neno langu.”

Zorka alitazama saa. Akatazama mkanda, na lile koti la buluu.

“Acha huo mkanda. Pakieni vyombo.”

“Na Nevenka?”

“Nevenka aliahidiwa tambura na nyumba hii. Atapata tambura. Nitakaa mimi kwenye kiti chako.”

“Mjomba Vicko hatakubali! Mke wa mtu—”

“Mjomba Vicko mwachie mimi. Jikoni wapo wanawake saba wanaojua kukata nyama. Wewe Duane, shika kisanduku hicho kwa adabu. Rudy, endesha kama mtu aliyebeba mayai. Mare, ukiingia baharini tena na goti bovu, nitajua. Nendeni!”

Mare alimkumbatia mpaka funguo za tambura zikamchoma shingoni. Lori lilipokata kona, Zorka alikuwa ameshavua aproni.

Ukumbi ulikuwa mtaa wa pili. Alipita jikoni, akawakabidhi wanawake sinia lenye visheti vilivyosalia, na kabla hajaulizwa akatokea upande wa pili na kupanda jukwaani. Mjomba Vicko, kiongozi wa wapigaji tangu enzi za baba yake, alikuwa anakaza nyuzi. Akainua nyusi zake nyeupe.

“Zorka. Mare yuko wapi?”

“Kazini.”

“Na wewe unatafuta nini hapa? Kuna glasi imepotea?”

“Nimekuja kupiga.”

“Wewe una mume, binti yangu.”

“Ninaye, anakula pale mezani, hajambo kabisa. Sogeza kiti chako, mjomba.”

Wazee wengine wawili walitazamana. Mmoja wao, mnene, mwenye besi, alianza kucheka ndani ya masharubu yake, akavuta kiti kwa mguu na kumpa nafasi. Mlangoni watu walikuwa wanasimama, gauni jeupe la Nevenka limeshaonekana.

“Haya basi,” Vicko alinong'ona kwa hasira. “Bibi harusi huyo. Tunaanza na kolo gani ya kuchezea duara?”

“Huu hamuujui. Nifuateni tu,” Zorka alisema, “na msingoje mtu aimbe.”

Akaupiga mguu jukwaani kwa nguvu zake zote, mbao zikanguruma, na mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka. Sauti ikapanda. Nevenka alisimama kizingitini, akacheka, akamshika mume wake mkono upande mmoja na mama yake upande mwingine, na duara la kwanza likaanza kuzunguka.