Rangi Nyeusi ya Fundi Rejeta

Hapana bwana, kompyuta haikuungua. Nani kakwambia iliungua? Hayo ni maneno ya shemeji yake Fundi Rejeta, na yule akisimulia, moshi wa jiko huwa moto wa mtaa mzima. Kadi ya ndani ilipata joto tu, kompyuta ikajizima. Ngoja nianze mwanzo, maana nikianzia hapo utaniuliza tena.

Fundi Rejeta, jina alilopewa na mama yake mtaa mzima ulishalisahau, alikuwa anatengeneza rejeta za magari, zile za kupozea injini, tangu ana nywele kichwani. Binti yake, kitinda mimba, naye alikuwa anachora kwa kompyuta nyumba ambazo bado hazijajengwa. Tena picha zenyewe zinatembea: unaingia mlangoni, unapita sebuleni, unachungulia jikoni, na nyumba yenyewe bado ni shimo na lundo la mchanga. Sasa ndani ya kompyuta kuna kipande kinachofanya kazi hiyo, wanakiita kadi ya picha. Kina feni zake, na kina kipoza joto, mabati membamba yamepangana kama kurasa za kitabu. Kadi ya binti ilikuwa kuukuu, feni zimechoka. Kazi ikikolea, joto linapanda, mashine inazima puu! Kazi ya tangu asubuhi imekwenda na maji.

Na jioni ile mkandarasi alikuwa anataka picha zake. Akizipata, binti anapewa nyumba zote zilizobaki na anakaa zake nyumbani. Asipozipata, binti anakwenda kuanza kazi ya ofisini, mji wa mbali, ambako kompyuta zina chumba chao chenye kiyoyozi. Begi lilishafungwa, limekalishwa kwenye kiti cha nne cha meza ya chakula, nyuma ya mlango. Fundi Rejeta kila akipita pale, anatazama dari.

"Lete hiyo kadi," alisema asubuhi. "Mimi kupoza ndiyo kazi yangu."

"Baba, hii si lori."

"Nani kasema ni lori?"

Wakaifungua mezani, mama mtu akinuna, maana meza ni yake. Binti alikuwa na feni mbili kubwa alizozichomoa kwenye kompyuta mbovu, anataka kuzifunga kwa kamba za plastiki mahali pa zile zilizochoka. Kipoza joto akampa baba akitoe vumbi.

Kazi yenyewe aliifanya, usiseme. Alikaa uani na kile kichana chake cha chuma, akanyoosha bati moja moja lililopinda, akapuliza vumbi mpaka akapiga chafya. Angeishia hapo, wangekuwa wameshakula zamani. Lakini rejeta haitoki mikononi mwa Fundi Rejeta bila kupulizwa rangi nyeusi. Mteja asipoona weusi, anadhani hajafanyiwa kitu. Basi akakitundika kile kipoza joto kwenye kamba ya nguo, katikati ya mashuka ya mkewe, akapuliza juu, pembeni na chini. Kikang'aa kama kiatu cha bwana harusi.

Kilipokauka, binti alikuwa kwenye simu anambembeleza mkandarasi. Baba akapaka ile dawa ya kijivu ya kupitisha joto kama alivyoelekezwa, akakaza skrubu. Binti aliporudi akaona weusi kwa juu, akacheka, hakuuliza. Akafunga feni zake, wakawasha.

Mashine ilizima hata chai haijapoa.

Wakawasha tena. Ikazima tena, upesi kuliko mara ya kwanza.

Hapo ndipo shemeji mtu alipoingia, kaka wa mama, akifuata harufu ya chakula. "Shemeji, leo mmepika kompyuta?"

"Hapa hali mtu mpaka meza yangu irudi," mama akamjibu. "Hata wewe."

"Dada, mimi ni mgeni!"

"Mgeni wa kila siku?"

Binti hakucheka. "Basi, mjomba, kadi imekufa. Uzee tu." Akachukua simu ampigie mtu wa ofisini.

Fundi Rejeta angeweza kunyamaza. Uzee ungebeba lawama na rangi yake ingebaki na heshima zake. Akatazama dari. Halafu akatazama begi.

"Na chini nako nilipuliza," akasema.

"Chini wapi?"

"Pale pa shaba. Palikuwa na mikwaruzo, nikaona haya kupaacha vile."

Binti akaweka simu chini polepole. "Baba, hapo ndipo panapogusana na chipu inayotoa joto. Ndipo linapopitia. Umelivalisha koti!"

"Na kofia," mjomba akaongeza, akicheka mpaka akashika ukuta. "Shemeji, injini za watu zimepona kweli?"

"Rejeta haigusani na kitu kwa chini," Fundi Rejeta akasema, akanyoosha mkono. "Lete msasa laini."

Aliikwangua mwenyewe rangi yake, kwa duara, bila haraka, mpaka shaba ikarudi nyekundu. Akafuta kwa spiriti. Dawa safari hii akapaka binti, tone dogo kama punje ya mchele. Wakawasha. Namba za joto zikapanda, zikapanda, zikasimama.

"Mtu asiguse meza," binti akasema.

Basi wakakaa pembeni na njaa zao, wanaitazama mashine inavyovuma kama wanamlinda mgonjwa. Mjomba alifunua sufuria mara kadhaa, eti anaangalia, na kila mara kifuniko kilichelewa kidogo kurudi. Jua lilikuwa linateremka kazi ilipokwisha. Binti akaituma. Mkandarasi akapiga simu, akaongea kidogo, na binti akawa anajibu ndiyo, ndiyo, nyumba ya pili kesho, ndiyo.

Mama akasimama. Aliisukuma kompyuta mpaka ukingoni, akapanga sahani.

"Viti havitoshi," mjomba akasema.

Binti akalitoa begi kwenye kiti, akalisukumia chumbani kwake kwa mguu. Fundi Rejeta akakivuta kile kiti mpaka mezani, akakifuta kwa kiganja chake chenye madoa meusi, akampa mjomba. Wakakaa wote, wakala.