Kumuaga Gustave kwa Sauti ya Kambuzi

Kwa miaka saba nimekuwa sauti ya Kambuzi, mbuzi mdogo wa katuni za Kiswahili. Mimi na wenzangu ndio tulioanza kuzirekodi hapa Durban, katika chumba kimoja cha mtaa wa Overport, magodoro yameegemezwa ukutani kuzuia kelele za taxi. Watoto wa kanisa letu wote wamekua na Kambuzi.

Jumamosi tuliondoa matanga ya mume wangu, Gustave. Kwa desturi yetu, mjane havuliwi nguo nyeusi mpaka amuage marehemu kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya watu. Nilisimama kanisani, nikasema, "Gustave, baba ya watoto wangu..."

"Iko Kambuzi!" mtoto mmoja akapiga kelele, akiitambua sauti yangu. Kanisa likacheka, hata wazee.

Nikashusha sauti, nikaanza tena. Wakacheka zaidi, wakidhani naigiza mbuzi mwenye mafua.

Wifi yangu Élisabeth akaninong'oneza, "Eish, Mama Carmel, sema tu kama Kambuzi, umalize. Gustave alimpenda sana."

"Mke wake ni mimi, si Kambuzi."

"Basi utabaki na nyeusi?"

Nikamwomba Mungu anisamehe, nikamuaga mume wangu kwa sauti ya mbuzi. Safari hii hakuna aliyecheka, wengine walilia. Mchungaji akasema Amina, akina mama wakanivalisha kitenge chenye maua, wakanisifu kwamba nimemuaga vizuri.

Mimi mwenyewe bado sijamuaga.