Springi ya Ehrenfried

Kisimbuzi cha pili kiliungua Ijumaa alasiri, na harufu yake ikapanda ngazi hadi jikoni kwa Roswitha. Alifungua dirisha, ingawa nje theluji ilikuwa ikianguka.

Huko chini, katika chumba cha treni, mumewe, Detlef Hollweg, alikuwa ameinamia kichwa cha treni cha kijani kinachoenea kiganjani. Kilikuwa cha marehemu Ehrenfried, rafiki yake tangu ujana. Jumapili ya kwanza ya Majilio chama chao cha treni ndogo kingepokea wageni, na Detlef alikuwa amemwahidi mjane, Edeltraud, kwamba kichwa hicho ndicho kitakachoongoza msafara. Lakini reli za chama siku hizi huendeshwa kwa amri za kidijitali, na kichwa kisichofungwa kisimbuzi, yaani kile kibao chembamba kinachopokea amri na kuipimia mota umeme wake, hakitumiki tena hapo.

Kazi hiyo Detlef aliimudu. Nusu ya vichwa vya chama vilipitia mikononi mwake. Kilichomtesa ni sharti. Edeltraud alipomkabidhi kichwa alimsihi asitoe humo kitu chochote cha Ehrenfried. Na chini ya mota palikuwa na springi ya shaba, ambayo Ehrenfried aliikunja mwenyewe ili iunganishe mota na fremu. Kwa mtindo wa zamani hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya umeme. Kwa kisimbuzi ni sumu, kwani mota isipotengwa na fremu, kibao huungua. Kila fundi wa kazi hii huanza kwa kuitoa.

Detlef hakuitoa. Mara ya kwanza aliivika utepe wa kuzuia umeme. Kwenye reli ya majaribio, yenye umeme hafifu, mambo yalikwenda vizuri. Kwenye reli kubwa mtikisiko ukauchana utepe, na kisimbuzi cha kwanza kikaungua. Mara ya pili aliivika plastiki ngumu. Kifuniko kikagoma kufunga, akakikandamiza, plastiki ikapasuka, na kilipopewa umeme moshi ukatoka palepale.

Volkmar, katibu wa chama, alipiga simu kuulizia maendeleo. Alipoelezwa alicheka hadi akakohoa.

"Mzee, sasa unafuga moshi," alisema. "Itoe, uitupe. Mjane atajuaje?"

"Nitajua mimi," Detlef alijibu, akakata simu.

Kisimbuzi kilichobaki kilikuwa kimoja. Jumamosi asubuhi alishindwa kukigusa, akamwita Edeltraud. Mjane alikuja na keki yake ya tufaha, akasimama na koti lake mwilini huku Detlef akimfafanulia safari ya umeme kutoka relini hadi kwenye mota, hatua kwa hatua, sauti ikizidi kuwa ya mtu anayejitetea.

"Shemeji," alimkatiza, "mimi springi hata sikujua kama ipo. Nilisema vile kwa sababu nawajua ninyi watu wa treni. Leo mnabadilisha mota, kesho magurudumu, mwisho inabaki rangi tu, na bado mnaapa ni kilekile." Akanyoosha mkono. "Nipe hiyo. Nilitaka isitupwe, basi."

Detlef akaing'oa, naye akaitia ndani ya kibweta cha miwani yake.

Detlef alilehemu nyaya mchana ule kwa hasira za siku zote zilizopita. Reli ya majaribio hakuigusa. Ilikwisha kumdanganya.

Jumapili, mbele ya wageni, alibonyeza amri ya kwenda mbele. Taa ziliwaka, mota ikanguruma kwa utulivu, na kichwa cha kijani kikaenda kinyumenyume, kikisukuma mabehewa yake yote. Nyaya mbili za mota alikuwa amezipishanisha, kosa la mwanafunzi wa siku ya kwanza.

"Kinarudi kutafuta springi yake," Volkmar alisema, na ukumbi ukacheka.

Masikio ya Detlef yalimwiva. Aliupeleka mkono kwenye kitufe cha kuzima.

"Kiache, shemeji," alisema Edeltraud, aliyesimama mwisho wa meza, kibweta cha miwani mkononi. "Kinakuja kwangu."