Kipofu Ataka Pazia

Tusekile alimtambua baba mkwe wake kwa kiraka. Alikuwa ndiyo kwanza anavuka kizingiti cha karakana pale Iringa, barua ya Boma mkononi na vumbi la basi la Relwe, lile la shirika la reli, bado kichwani, akaona mgongo wa mzee aliyeketi kwenye benchi karibu na dirisha. Mgongo huo ulivaa koti zito la askari, na katikati ya koti palikuwa na kiraka cha buluu kilichoshonwa kwa uzi mweupe. Kiraka hicho alikishona yeye mwenyewe, miaka mitatu nyuma, alipokuwa bado na mikono miwili.

Akapiga magoti palepale mlangoni, khanga usoni, kama alivyofundishwa tangu siku ya kwanza ya ndoa yake.

Kwa Wanyakyusa wa siku zile, mke wa mtu na baba mkwe wake hawaonani. Sisemi wanaoneana haya, nasema hawaonani. Mzee akija huku, wewe unapita kule. Akikutokea ghafla njiani, unajitupa kwenye migomba na kujifunika uso mpaka apite. Chakula chake kinapelekwa na mkono mwingine, na jina lake hulitamki. Katika miaka minne ya ndoa Tusekile alikuwa ameuona mgongo wa Mzee Abrahamu tu, tena kwa mbali, naye mzee hajawahi kusikia sauti ya mkwewe hata ya kupiga chafya. Kwamba Abrahamu alirudi kutoka vita vya Burma akiwa kipofu hakukupunguza kitu. Macho ya mzee yalikuwa yamekufa, lakini ya Tusekile yalikuwa mazima, na mwiko ni wa wote wawili.

Mama yake alimweleza mapema kinachompata anayeuvunja: tumbo lake halishiki mtoto. Tumbo la Tusekile lilikuwa limekwisha kuachia wawili. Huyu wa tatu alikuwa na miezi minne. Mchungaji kule nyumbani alisema hayo ni mambo ya giza, lakini mchungaji hakuwahi kubeba mimba.

"Umejikwaa, dada?" aliuliza Philbert, fundi mkuu wa karakana, Mhehe mnene mwenye penseli nyuma ya sikio.

"Nimejikwaa," alinong'ona, akainuka na kusimama nyuma ya magunia ya sufi, ambako mgongo ule hauonekani.

Mtu mwenye akili atauliza kwa nini hakugeuka akaondoka. Barua ndiyo iliyomzuia. Karakana ile ilikuwa ya askari walioumia vitani, wanaopata pensheni ya ulemavu; kwamba mzee alikuwa miongoni mwao, hakuna aliyemwambia. Mwaka ule, 1954, serikali iliipanua na kuwafungulia mlango watu walioumia mashambani, migodini na viwandani, wanawake wakiwamo. Anayepokea fidia anakuja, anajaribiwa siku kumi na nne, na akifaa anafundishwa kazi na kuajiriwa bila kukatiwa fidia yake. Anayetoroka bila sababu ya daktari anafutwa kwenye orodha ya malipo. Karani wa Boma kule Mbeya alimsomea sehemu hiyo mara mbili, kidole kikigonga karatasi. Na Tusekile alikuwa akiishi kwa fidia ile tangu mashine ya kiwanda cha chai ilipomchukua mkono wa kushoto. Mumewe Yohane alikuwa anachimba dhahabu Makongolosi, na tangu aliporudi huko, miezi minne iliyopita, hakuwa ametuma hata salamu.

Alifikiri kumwambia fundi ukweli. Lakini aseme vipi bila mzee kusikia, chumba chenyewe kimoja? Na mzee akijua mkwewe yumo ndani, ataondoka saa ileile, hiyo ni hakika. Naye atafutwa, kisha ukoo mzima utasema Tusekile alimfukuza baba wa mumewe kwenye riziki yake. Basi akaamua kubaki nyuma ya magunia.

Philbert naye hakumpa nafasi ya kufikiri sana. Alikuwa mtu wa kupenda kupanga watu.

"Mzee Abrahamu ana mikono miwili, hana macho," alisema kwa sauti ya kutangaza. "Wewe una macho na mkono mmoja. Nikiwaunganisha napata fundi kamili, na mkono wa akiba juu. Mtashona magodoro."

Alichoweza Tusekile kusema ni jambo moja tu, kwa sauti ya chini kabisa: kwamba aitwe Damari, jina lake la ubatizo.

"Barua inasema Tusekile," Philbert naye alinong'ona.

"Hilo la nyumbani, fundi. Naomba."

Philbert aliinua mabega akaandika Damari.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Godoro lililojazwa sufi lilisimamishwa wima ndani ya fremu ya mbao, likafika mabegani mwa mtu. Mmoja alisimama upande huu, mwingine upande ule. Tusekile alitafuta alama za chaki akachoma sindano ndefu kama mkono. Upande wa pili mzee aliipokea, akavuta uzi, akaweka kipande cha ngozi, akafunga fundo ili sufi isihame, kisha akairudisha. Kwa watu wengine hiyo ni kazi nyepesi. Kwa Tusekile, kilichomtenganisha na msiba wake kilikuwa godoro, na juu ya godoro palikuwa na kichwa cha baba mkwe wake. Alisimama ameinamisha uso mpaka shingo ikamkakamaa. Alijua kwamba akiinua macho mara moja tu, kwa bahati mbaya, basi.

Hawakuwa wamemaliza mshono wa kwanza mzee alipoita.

"Fundi Philbert. Vumbi la sufi linaniwasha macho. Nitundikie shuka hapa juu ya godoro."

Karakana nzima iliangua kicheko. Othmani, fundi cherehani wa mjini Iringa aliyevunjika mguu kwenye lori, alicheka mpaka akaegemea ukuta.

"Macho yenyewe yalibaki Burma, mzee. Yanawashwa kwa barua?"

"Yanawashwa," alisema Abrahamu. "Tundika."

Ukawa wimbo wa pale. Kipofu ataka pazia. Asubuhi mtu akiingia anauliza kama mzee amekwisha kufungiwa pazia lake, na mzee anawajibu kwa matusi ya kijeshi yaliyowafurahisha zaidi. Tusekile hakucheka. Alilitazama shuka lile la kijivu, limening'inia kwenye kamba kutoka ukuta hadi ukuta, akamshukuru Mungu kwa wazimu wa wazee.

Hata hivyo hofu haikutoka. Ilibadilisha mahali pa kukaa tu. Aliogopa upepo wa dirishani, kwa sababu shuka lilikuwa jepesi. Aliogopa saa za kuingia na kutoka, akawa anafika wa kwanza na kuondoka wa mwisho, akijificha nyuma ya magunia mpaka fimbo ya mzee imalize kugonga sakafu. Aliogopa kikohozi chake mwenyewe. Zaidi ya yote aliogopa kuulizwa. Mzee alipiga soga na kila mtu mle ndani. Itakuwaje siku atakaposema, na wewe mama wa upande wa pili, watu wa wapi? Hataweza kumdanganya baba wa mumewe, na hataweza kumjibu.

Mzee hakuuliza. Siku ya kwanza ikapita, ya pili, ya tano, hakumtupia hata neno. Othmani alisema mzee amenuna kwa kupewa mwanamke. Tusekile akaomba aendelee kununa.

Siku moja uzi ulikwama ndani ya sufi. Fundi yeyote angesema, vuta. Tusekile alisimama na neno hilo mdomoni, mwishowe akagonga fremu mara moja kwa kidole. Uzi ukavutwa papo hapo. Alipogonga mara mbili, fundo likafungwa. Tangu hapo wakafanya kazi kwa kugonga, na magodoro yao yakawa yanatoka mengi kuliko ya wenzao.

Siku ya tisa aliona tone la damu kwenye nguo yake. Aliketi juu ya gunia la sufi, mkono tumboni, akawa hasikii tena kelele za karakana. Wale wawili wa kwanza walianza kuondoka hivihivi. Akajiambia: umekaa naye hatua moja, unagusa uzi alioushika yeye, ulidhani shuka litakusaidia nini? Upande wa pili sindano ilingoja. Mzee hakuita wala hakugonga fremu. Ilingoja muda mrefu, hata Philbert akapita na kuuliza mbona kazi imesimama, naye mzee akajibu kwamba yeye ndiye aliyechoka. Tone lilibaki lilelile moja. Jioni Tusekile alirudi kwenye fremu.

Siku ya kumi na nne alikuja Bwana Shauri, yule ofisa wa serikali wa wilaya, pamoja na daktari na karani wa kuandika. Walipita kwa kila mtu. Othmani alikubaliwa, akawa anachekacheka peke yake. Walipofika kwenye fremu ya godoro Bwana Shauri alisimama akalitazama shuka.

"Hii ni nini?"

Philbert alieleza habari ya macho na vumbi. Daktari akaenda upande wa mzee, akamfunua kope, akarudi anatikisa kichwa.

"Macho haya hayawashwi na kitu," alisema.

Bwana Shauri akakunja uso. Huenda alidhani nyuma ya pazia kuna mtu wa tatu anayeona, anayewafanyia vilema kazi wakati wa majaribio. "Ondoa," alimwambia Philbert. "Nataka kuona mikono ya wote wawili. Wakishindwa, warudi kwao, na karani aandike."

Tusekile alifumba macho. Alisikia kamba ikifunguliwa, shuka likianguka sakafuni. Watu wote walimngoja yeye, maana sindano ilikuwa mkononi mwake. Hapo ndipo alipoelewa alivyonaswa. Mle ndani alichotoa yeye kilikuwa macho. Akiendelea kuyafumba hataona alama ya chaki, na yote yataisha, ya kwake na ya mzee. Akiyafumbua atauona uso wa baba wa mumewe, na atarudi nyumbani mtupu kwa mara ya tatu. Aliogopa kama hajawahi kuogopa, hata siku ya mashine.

"Mama, tunangoja," alisema karani.

Akafumbua.

Aliona kiraka cha buluu.

Mzee Abrahamu alikuwa amegeuka. Alisimama ameupa ukuta uso wake na godoro mgongo wake, koti limenyooka, kama askari aliyeamriwa kugeuka nyuma. Mikono yake ilikuwa nyuma, viganja wazi, vidole vikingoja kwenye godoro.

Tusekile akachoma. Vidole vile vikaipokea sindano, vikavuta, vikatafuta ngozi. Akagonga mara mbili, na fundo likafungwa nyuma ya mgongo wa mtu bila kukosea. Mshono wa pili. Wa tatu. Machozi yalimtoka akayaacha, kwa sababu mkono wake ulikuwa na kazi. Hakuna aliyecheka. Othmani alikuwa amevua kofia yake.

"Mbona anageuka?" aliuliza Bwana Shauri walipomaliza mstari mzima.

"Mgongo unaniuma, bwana," alijibu mzee, akiuambia ukuta. "Nimeuegemeza."

Daktari alilikagua fundo moja, akalivuta, halikulegea. Bwana Shauri alimnong'oneza karani, na karani akaandika kwamba wote wawili wanafaa. Wakaondoka, gari likasikika likiwaka nje.

Mzee hakugeuka bado. Tusekile alikuwa amepiga magoti tena, khanga usoni, palepale chini ya fremu, na safari hii hakujikwaa, na kila mtu aliona kwamba hakujikwaa.

"Fundi Philbert," alisema mzee.

"Naam, mzee."

"Kuna maneno yangu nataka uyapeleke upande wa pili. Mimi siwezi kuyapeleka."

Philbert aliangalia huku na huku. Upande wa pili ulikuwa hatua moja. Lakini alikuwa mtu mzima, akasikiliza.

"Mwambie, siku ile ya kwanza nilisikia mtu anapiga magoti mlangoni. Si kuanguka. Najua kuanguka kunavyosikika. Katika Iringa hii yote, nani wa kunipigia magoti mimi?" Alikohoa kidogo. "Nikasema niondoke. Kisha nikasikia anavyohema, mtu anayehemea watu wawili, nikajua nikiondoka na yeye ataondoka. Kwa hiyo nikaomba shuka."

Tusekile alibana khanga mdomoni. Siku zote kumi na nne alizoogopa, kumbe mwenzake upande wa pili alikuwa anaogopa vilevile, amebana ulimi wake, amekubali kuchekwa.

"Na mwambie," alisema mzee, "akijifungua salama, mtoto asiambiwe uongo kwamba tulivunja mwiko. Tumefanya kazi, basi. Sikumwona."

Philbert akainama kuokota shuka, akalikung'uta vumbi. Tusekile akainuka akashika ncha moja kwa mkono wake. Wakalitundika tena.