Kitanda cha Mlangoni

Nyumba ile ilikuwa ng'ambo ya barabara, mkabala na lango la hospitali. Watu wenye huruma waliijenga kwa ajili yetu sisi tuliotoka mbali kuuguza watoto. Tulilala bure, wawili wawili kwa chumba, na tulipika kwa zamu katika jiko moja. Msimamizi wake alikuwa dada mmoja mpole wa sauti ya chini. Tulimwita Dada Funguo, maana kwa mlio wa funguo zake ulimsikia akija kabla hujamwona.

Mimi niliitwa Bibi Mlinzi. Jina hilo alinipachika mwenzangu wa chumbani, Mama Kicheko, kwa sababu kila akifumbua macho ananikuta nimeketi kitandani, naangalia tu.

"Bibi, unalinda nini?" husema. "Hizo kuta hazitoroki!"

"Nasali."

"Basi niombee na mimi nipate usingizi kama wa mtoto wa daktari."

Hapo atacheka mpaka chumba cha pili wagonge ukuta. Na mwanawe yumo katika wodi ya mahututi, kichwa kimefungwa bandeji, pembeni ya mjukuu wangu! Sijui kicheko kile alikuwa akikitoa wapi. Nadhani bila hicho angeanguka.

Mjukuu wangu alikuwa na maji kwenye mapafu, akipumua kwa msaada wa mashine. Mama yake, ndiye binti yangu wa pekee, alikuwa ametoka kumzaa mdogo wake kwa upasuaji, hata kuketi ni shida. Siku naondoka alinishika mkono akaniambia, "Mama, nirudishie mwanangu." Mume wangu nilimzika, na ujane nimeuzoea kama mtu anavyozoea mguu mbovu. Lakini kurudi kwa binti yangu mikono mitupu, hilo nilimwambia Mungu waziwazi kwamba siliwezi.

Sasa nyumba ile ilikuwa na utaratibu wake. Mzazi ambaye mtoto wake ameruhusiwa hutandua kitanda mwenyewe, akibeba shuka hadi sehemu ya kufulia huku anaaga kila mtu. Lakini mtoto akifariki, wodini humpigia simu Dada Funguo kwanza. Kabla mzazi hajaitwa na daktari, kitanda chake hutanduliwa kimyakimya, godoro likasimamishwa ukutani, na begi lake likapelekwa chumba kidogo cha chini, karibu na mlango. Ni ili akirudi na msiba wake asilazimike kupanda ngazi na kupita mbele yetu sisi ambao bado tunasubiri. Hakuna aliyetuambia hayo. Ukikaa pale unayaona mwenyewe, na ukishayaona, kila ukifungua mlango wa chumba chako unaangalia kwanza godoro.

Usiku mmoja Mama Kicheko alilalamika kwamba upepo wa chini ya mlango unamtafuna mgongo.

"Tubadilishane, mwanangu," nikamwambia. "Mimi mifupa yangu imeshakuwa kuni, haisikii baridi."

Tukabadilishana, shuka kwa shuka, begi kwa begi. Yeye akaenda ukutani, mimi nikaja mlangoni. Hatukumwambia Dada Funguo. Nani angemsumbua kwa jambo dogo kama hilo?

Kesho yake asubuhi nilikuwa uani naanika nguo. Mama Kicheko alikuwa zamu ya jikoni, namsikia akigombana na sufuria. Nikavua kandambili chini ya ngazi, kando ya za wenzangu, nikapanda juu kuchukua vibanio. Nikasukuma mlango wa chumba chetu.

Godoro langu lilikuwa limesimama ukutani.

Nikaangalia uvunguni. Begi langu halipo. Kitanda cha Mama Kicheko kimetandikwa vizuri, na kanzu yake ya kulalia imekunjwa juu ya mto. Changu ni mbao tupu. Upande wa ngazi mwanamke wa kufua, mgeni pale, alikuwa anashuka na shuka zangu kifuani, hageuki nyuma.

Nilitaka kusali, na mdomoni ikanijia sala ya chakula, ile ninayowafundisha wajukuu, nikaisema yote mpaka mwisho sijui nasema nini. Nikashuka, nikachomeka miguu katika kandambili. Mlango wa ofisi ya Dada Funguo ulikuwa umefungwa, na ndani anaongea kwenye simu kwa ile sauti yake ya chini. Sikugonga. Aliyefungiwa mlango hivyo haendi kuambiwa jambo jema.

Barabara niliivuka dereva mmoja akinitukana. Mlinzi wa lango akasema, "Bibi, kadi yako?" Nikampita. "Bibi! Unakwenda wapi na mbio hizo na umri wako?" Nilikuwa namsikia binti yangu tu: nirudishie mwanangu. Nitampigia simu nimwambie nini? Nitaanzia wapi? Ana kidonda tumboni, ana kichanga kifuani.

Ngazi za hospitali nilizipanda nimeng'ang'ania chuma cha pembeni. Mwishoni mwa ukumbi kuna kioo kikubwa cha kuchungulia wodi ya mahututi. Nilifika pale nikafumba macho. Nakwambia, niliogopa kile kioo kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote duniani.

Nikafumbua.

Mjukuu wangu alikuwa pale pale. Kifua chake kinapanda, kinashuka. Mguu mmoja ameutoa nje ya shuka, ndivyo anavyolala hata nyumbani.

"Ahsante Mungu!" nikasema kwa sauti. "Ahsante, ahsante, ahsante!"

Muuguzi wa ndani akanisikia, akainua macho. Hakutabasamu. Ndipo nami nikatazama alipokuwa amesimama. Kitanda cha pili kilikuwa kimezungushiwa pazia pande zote, na mashine yake imezimwa.

Kitanda cha mlangoni. Dada Funguo alimwagiza mwanamke wa kufua atandue kitanda cha mlangoni, maana alivyojua yeye, mlangoni analala Mama Kicheko.

Nikasikia viatu nyuma yangu, ko, ko, ko.

"Bibi Mlinzi! Kumbe uko huku!" Alikuwa Mama Kicheko, amebeba nguo safi za mtoto, zimetoka kupigwa pasi. "Nimeitwa na daktari. Nadhani leo wanamfungua bandeji, nimemletea shati lake la mistari." Kisha akaangalia chini, akapiga ukelele. "Ala! Mwizi nimemkamata! Kandambili yangu hiyo! Nimeitafuta pale ngazini, hata chumbani sikupanda, nikaishia kuvaa viatu vya safari nilivyoanika uani, kama naenda harusini!"

Nikatazama miguu yangu. Mmoja una kandambili yangu ya kahawia, mwingine ya waridi, yake. Nilikuwa nimevuka barabara hivyo.

Akacheka. Kicheko chake kikajaa ukumbi mzima, na watu kwenye mabenchi wakaanza kutabasamu bila kujua kwa nini. Nilijisogeza nikasimama kati yake na kioo. Nilifikiri, acha acheke. Mungu, mwachie acheke hiki kimoja mpaka kiishe chenyewe.

Mlango wa wodi ukafunguka. Daktari akatoka akivua glavu, muuguzi nyuma yake.

"Bibi," Mama Kicheko akasema, bado anajifuta machozi ya kucheka, "mbona wewe huchek…"

Akaniangalia usoni. Nguo za mtoto zikaanza kumteleza mikononi. Nikazidaka, nikaziweka begani kwangu, nikamshika kiuno kwa mikono yote miwili kabla daktari hajafungua mdomo.